Sifa Zangu na Nguruwe wa Mama Yako

Mbonea, mwana wa dada yangu,

Umekwenda kuwaaga shangazi zako, na kwa ninavyowajua kila mmoja atakushikilia mpaka ule makande yake, kwa hiyo ninayo alasiri nzima. Nimekaa nyuma ya nyumba na kalamu ya risasi niliyoichonga kwa panga. Kuku nimewafukuza. Mke wangu nimemwambia ninaandika jambo la serikali, asinisogelee. Usicheke mwandiko. Mimi nilisoma miaka mitatu na nusu, na hiyo nusu haikuwa kosa langu. Mwalimu aliishiwa na mambo ya kunifundisha, akaanza kuniuliza mimi.

Habari za blanketi, za maji ya kule tambarare na za kutolala na mlango wazi sitaandika. Mama yako amekwisha kukusemea hayo mara tatu, na atakusemea tena mpaka uvuke kilima. Mimi nina jambo moja tu, nalo linanuka. Nimelikalia miaka yote hii kama mtu aliyekalia kinyesi mbele ya wageni, anaogopa kuinuka.

Kesho unashuka Same kwenda kufuga nguruwe wa yule Mzungu wa shamba la mkonge, huyu tunayemwita Bwana Soksi kwa sababu ya soksi zake zinazofika magotini hata jua likiwa linapasua mawe. Umepata kazi ile kwa sababu yangu. Nilisimama naye stesheni akila nyama niliyomshushia, nikamwambia kwamba nguruwe wangu wanatembea kama watu huru, wanakula vya ardhini, hawajawahi kutoa nyama mbaya hata kipande, na kwamba mpwa wangu nimemfundisha mwenyewe. Akasema, "Mlete." Tangu siku hiyo unatembea kijijini umeinua kidevu, na kila anayekuuliza unamjibu, "Mjomba ndiye fundi."

Basi sikiliza. Nyama mbaya ilikuwa yangu. Nyama nzuri ni ya mama yako. Tulibadilishana majina, nami ndiye niliyefaidi.

Najua ulivyokua. Najua watoto wenzako walivyokuwa wakimwita mama yako Mama Tegu mkienda kuteka maji. Mwanzoni ulipigana nao, ukarudi na pua imevimba. Baadaye ukanyamaza. Kisha ukaanza kuja kula kwangu, na ukiulizwa kwa nini huli kwenu unasema umeshiba. Nilikuona. Nikakusogezea bakuli. Ilinipendeza, Mbonea, na leo nikikumbuka kwamba ilinipendeza natamani kujitapikia.

Nianze mwanzo. Wakati wa vita, wewe ukiwa ndiyo kwanza unaanza kukimbia uani, na baba yako amekwisha kutangulia, nilipata nguruwe wanne kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akihama. Watu wa Suji, kijiji cha pili, walicheka, maana wao kanisa lao haliruhusu hata kumgusa. Walinipita njiani wameziba pua nikiwa sina nguruwe hata mmoja karibu. Nikasema nitawaonyesha. Nikajenga banda la magogo kama nililoliona kwa yule Mzungu, dogo, lenye giza, nikawafungia wote wanne. Miezi miwili tu, mwanangu! Walisimama kwenye mavi yao mpaka tumboni. Walitafunana mikia. Dume mmoja alipata donda mgongoni, na funza wakawa wanatoka humo wakitembea kama wana shughuli zao. Nilipomchinja wa kwanza, nyama ilipochemka nyumba nzima ilinuka mkojo. Mke wangu aliitupa pamoja na chungu. Nasisitiza, pamoja na chungu.

Nikavunja banda. Hapo nilifanya jambo jema kwa akili ya kijinga. Nikawafungulia waende watakako. Na kwa kweli walipendeza! Walipata nguvu, wakazaa, manyoya yakang'aa, walichimba viazi vilivyosahaulika, wakaokota mapera, wakalala kivulini kwenye matope wakikoroma kama wazee wa baraza. Yule dume nilimwita Karani kwa jinsi alivyokuwa akiwatazama watu kwa pua. Hadithi zake unazijua. Ile ya kukwamua lori kwenye tope nimeiongezea chumvi, lilikuwa tela, na kulikuwa na wanaume sita upande wa pili. Lakini ya chui kumkimbia Karani ni kweli tupu, nitaisimamia hata mbele ya hakimu.

Sasa nikuulize, nguruwe aliyefunguliwa kijijini anakula nini? Viazi, ndiyo. Mapera, ndiyo. Na nini tena kule nyuma ya migomba, asubuhi, watu wanapotoka na majani mkononi?

Sikutaka kujua. Nilikuwa na choo, Mbonea. Serikali iliamuru kila nyumba ichimbe choo, na Bwana Afya alipopanda kukagua alikuta cha kwangu ndicho kizuri kupita vyote: shimo refu, mlango wa mbao, paa la bati. Alikiandika kwenye daftari lake. Wageni waliletwa kukiona. Lakini hakuna mtu aliyekitumia! Babu yako aliapa kwamba hataingia shimo moja na mke wangu, mkwewe, kwamba hiyo si adabu, ni afadhali afe. Mke wangu akaapa vilevile. Nami nilikiona ni kizuri mno kuchafuliwa. Nikakitia kufuli, nikaweka humo mbegu za mahindi. Bwana Afya akija, natoa mbegu. Akiondoka, narudisha mbegu. Sote tunakwenda migombani, na Karani na wake zake wanatufuata nyuma kwa adabu, wanangoja tuinuke.

Mama yako aliliona. Alisimama hapa uani na jembe begani.

"Kaka, hao wanyama wanakula mavi yetu."

"Nguruwe anakula kila kitu, Nakiete. Ndiyo sifa yake."

"Na sisi tunamla yeye."

"Akishaingia tumboni mwake amekuwa nyama. Wewe umesoma wapi?"

"Sikusoma popote. Nina pua. Wawekee uzio, na ninyi mtumie kile choo."

"Nikitumie choo cha serikali?"

Akanitazama, akaenda zake. Nilicheka mpaka nikakohoa. Nilimwiga jioni ile mbele ya wanaume, "Nina pua, nina pua," na walicheka sana.

Mwaka ule karibu na Krismasi nilishusha nguruwe mzima Same, kwenye nyumba moja walimokuwa wakifikia Wazungu wanaosubiri treni. Mpishi alikuwa mtu anaitwa Fransisi, mfupi, ana kisu chembamba. Nilimkuta nyuma ya jiko na wapagazi wa stesheni wamekaa kivulini wanatazama. Nikasema kwa sauti ya wote kusikia kwamba hii ni nyama ya mlimani, nguruwe huyu hajafungwa hata siku moja. Fransisi akapasua paja. Akasogeza uso karibu. Akapasua tena.

"Mzee, hii nini?"

Nikainama. Ndani ya nyama nyekundu kulikuwa na punje nyeupe, nyingi, kama mchele uliomwagika. Akaigusa moja kwa ncha ya kisu, ikapasuka, ikatoa maji.

"Mafuta hayo," nikasema. "Nguruwe wa Upare ndivyo walivyo."

"Mafuta hayana maji."

"Ya kwenu hayana. Ya mlimani yanayo."

Mpagazi mmoja akasema, "Basi kula wewe, mzee wa mlimani, tukuone." Wakacheka wote.

Mbonea, wewe unajua mjomba wako akichekwa anakuwaje. Nikachukua kisu cha Fransisi, nikakata kipande mbichi pale pale, na punje zake zote, nikatia mdomoni. Nikatafuna. Ziko ngumu kidogo, halafu zinapasuka chini ya jino. Mpaka leo nikila wali lazima nitazame sahani kwanza. Nikameza, nikajifuta mdomo, nikasema, "Tamu." Hakuna aliyecheka tena. Fransisi alinitazama kama mtu anavyomtazama mbwa anayelamba kidonda. Akaichukua nyama yote, akaitia motoni kwa koleo, hakutaka kuigusa kwa mkono.

Nikarudi nyumbani nikawaambia watu kwamba Wazungu waliila wakalia machozi kwa utamu.

Hayo ni upumbavu, na upumbavu husameheka. Linalofuata si la kusamehewa.

Wiki mbili baadaye kulikuwa na harusi hapa jirani, nami nilikwisha ahidi nguruwe wawili. Nikawachinja peke yangu mapema, watu wasione. Punje zilikuwemo. Nilijua ni kitu kibaya, Mbonea, nilikuwa nimekwisha ona macho ya Fransisi. Nikachukua mwiba wa mchungwa, nikakaa kitako nikazichokoa zile za juu, moja moja, nikazifukia. Za ndani nikaziacha. Kisha nikawapelekea watu. Unajua wanaume wanavyokula kwenye moto, hawangoji iive, wanakata inayotoka damu wanasema hiyo ndiyo yenye nguvu. Walinisifu. Nilipokea sifa na vidole vyangu bado vina maji ya punje zile.

Miezi mitatu ikapita. Siku moja niko migombani nikaona kinachotoka kwangu kinajikunja. Sitaandika yote. Utepe mweupe, vipande vipande, na kila kipande kina uhai wake kinatembea. Nilianza kuviokota usiku kitandani. Huwa nawaambia watu kwamba mnyoo wangu ulikuwa na urefu wa kutoka mlangoni kwangu mpaka kanisani, na huo ni uongo, lakini ulipotoka wote kwa dawa ya dresa ulijaa karai, na karai lile ni kubwa.

Dresa yule, mfunga vidonda wa zahanati, alikuwa kijana, hana hata ndevu, lakini maneno yake yalikuwa kama sindano.

"Unajisaidia wapi, mzee?"

"Nina choo cha bati. Bwana Afya mwenyewe amekiandika."

"Sikukuuliza una nini. Nimekuuliza unakwenda wapi."

Nikanyoosha kidole kwenye migomba.

"Basi ndivyo hivyo," akasema. "Mnyoo huu, tegu, uko matumboni mwenu, unatoa mayai, ninyi mnayaacha migombani, nguruwe anakula, mayai yanakuwa punje kwenye nyama yake. Wewe unamla hajaiva, punje inakuwa mnyoo. Nguruwe hakukuambukiza uchafu wake. Amekurudishia wako."

Nilitoka pale nikatapika kwenye kona ya zahanati. Maisha yangu yote nilijua nguruwe ni mchafu, hata nikimpenda. Kumbe mnyama yule aliletwa kwangu safi, na mimi ndiye niliyemlisha ya matumbo yetu, halafu nikawalisha watu wa harusi.

Na watu wa harusi walikuwa wanaanza. Bwana harusi mwenyewe. Mzee wa kanisa. Watoto wawili. Kijiji kikachemka, wakasema mwenye nguruwe wale apelekwe barazani, achapwe, na asikae tena kwenye kikao cha ukoo. Mimi wakati ule nilikuwa nimetajwa kuwa mgawaji wa zamu za maji ya ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia, na unajua hiyo ni heshima gani. Nikaenda kwa mama yako nikalia. Ndiyo, nililia. Nikamwambia wakinitoa kwenye ukoo, nani atalinda kiwanja chako wewe mjane na mtoto?

Alikuwa anamenya maharage. Hakuinua kichwa.

"Wale wawili walikuwa wakilala upande wangu wa migomba," akasema. "Nitasema ni wangu. Uliniachia nifuge, na mimi sikujua. Mjane watamcheka tu, hawatamchapa."

Nilipaswa kusema hapana. Nimeliandika neno hilo hapa mara nyingi kichwani tangu siku ile, hapana, dada, hapana. Nikasema, "Asante."

Akaenda nyumba kwa nyumba. Kila mlango akasimama akasema nyama ilikuwa yake, na kwamba waende kwa dresa, na asiyetaka kwenda alimrudia mara ya pili na ya tatu. Walimtemea mate. Mwanamke mmoja alimmwagia maji ya sahani. Alipotoka nyumba ya mwisho alikuja kwangu, akanyoosha mkono.

"Ufunguo wa choo."

Nikampa. Akatoa mbegu zangu zote nje. Akamchimbia babu yako shimo lake peke yake upande wa pili ili asipate kisingizio. Nguruwe wote waliobaki, na Karani, tuliwachinja tukawachoma mpaka majivu, na aliyesimama kwenye moto ule ni yeye, mimi nilisema moshi unaniumiza macho.

Kisha akaanza upya na vitoto viwili, na hapa ndipo mambo uliyoyaona wewe, ukayaelewa kinyume. Akapanda minyaa kuzunguka mteremko wote, akaugawa mara tatu, nguruwe wakimaliza kuchimba hapa anawahamishia pale, na walipotoka anapanda viazi, ardhi imekwisha lainishwa kwa pua zao. Akawaachia matope na kivuli. Jike akikaribia kuzaa humwekea majani makavu ya migomba kwa mbali, asimwekee kitanda, amwachie ayabebe mwenyewe kwa mdomo na kujitandikia, maana alisema mama asiyejitandikia huwalalia watoto. Hakumkimbiza nguruwe siku ya kuchinja hata mmoja. Alimpa chakula alichozoea mahali alipozoea, akamkuna sikio, na ikaisha hapo. Ukila nyama ile unajua. Mafuta yake meupe, magumu, yana harufu ya majani. Mimi nimekula nyama za kila namna kutoka hapa mpaka Tanga na sijawahi kuonja kitu kama hicho, na hii si chumvi.

Lakini nani angenunua nyama ya Mama Tegu? Nikasema nitaipeleka mimi, kama yangu. Akakubali. Ulikuwa unaniona nimekaa kwenye kigoda, napiga kelele, "Nakiete, wahamishe! Nakiete, weka majani!" Ulidhani naamuru. Nilikuwa natamka jambo alilokwisha kulianza. Watu wakasema, mtazame mjomba yule, dada yake aliuaibisha ukoo na bado amempa kazi. Nami nikaitikia kwa kichwa. Mbonea, nimeshika mavi kwa mikono, nimeokota minyoo shukani, lakini hakuna kinachonichefua kama kichwa changu kile kikiitikia.

Jana nilikuona. Mama yako alikuwa amekuchemshia nyama ya safari, akaifunga kwenye jani la mgomba, akakuletea mlangoni kwangu mbele ya rafiki zako. Rafiki yako mmoja akakonyeza. Wewe ukasema, "Iweke tu, mama, sina njaa." Akaiweka. Alipogeuka ulijifuta mkono kwenye suruali, na hata hukuwa umeishika.

Ndiyo maana ninaandika. Nisingeandika. Ningekufa nalo, nakuambia kweli, nimezoea.

Sikupi mawaidha. Sina haki nayo. Nitakuambia tu nitakalofanya. Kesho asubuhi watu wakija kukusindikiza, kabla hujaanza kushuka, nitalisema lote, la mwiba wa mchungwa pia, mbele ya wale waliokula. Usinitetee. Ukiona wananitemea mate ujue yamechelewa kufika. Zamu za maji watampa mwingine, na huenda atazigawa vizuri kuliko mimi, ingawa nina shaka.

Nimemwambia mama yako mchana huu. Akaniuliza kama nimewapa nguruwe maji.

Huenda habari zikashuka Same kabla yako, maana wapagazi wana midomo. Huenda Bwana Soksi akasema hataki mtu wa ukoo wangu. Hilo nimelifikiria tangu jana, na mara mbili nimechana karatasi kwa sababu yake. Ni kazi yako, si yangu, nami ndiye ninayeihatarisha. Lakini kazi ile ulipewa kwa uongo wangu, na wewe kule utakaa na nguruwe wa watu, utapasua mapaja, na siku moja utaona punje. Siku hiyo sitaki uwe umejifunza kwangu.

Mwambie mwenyewe kabla hajaambiwa. Mwambie mjomba wako alilisha harusi nyama yenye tegu akijua. Kisha mwambie kwamba ile nyama aliyoila stesheni, aliyolamba vidole na soksi zake zote, ilifugwa na mwanamke anayeitwa Nakiete, na kwamba wewe umekua ukimtazama akifanya kazi kila siku, na kila kitu alichofanya unakikumbuka hata kama hukujua unajifunza. Akikuuliza ni nani aliyekufundisha, mtaje yeye kwa jina lake lote.

Mimi usinitaje.

Mjomba wako.